Nauli ni Kodi ya Pili: Maisha ya Dar es Salaam bila Gari, 1975 hadi Leo

Na Mwanafunzi wa Zamani (1971–1974), Utende, Mafia

Katika mkutano wetu uliopita wa wanafunzi wa zamani, mwenzetu mmoja ambaye nililala naye bweni moja alinisimamisha mbele ya watu akaniuliza: "Ndugu yangu, umefanya kazi Dar es Salaam miaka thelathini na mitano, na hujapata kumiliki gari hata siku moja. Ulikuwa ukiishije?" Watu wakacheka, nami nikacheka pamoja nao. Lakini swali lile lilinikaa moyoni. Ndugu Mhariri alipoomba makala ya historia kwa toleo hili, nikaona heri nilijibu kwa kalamu, maana siku ile pilau ilikuwa imekwisha pakuliwa na hapakuwa na wa kunisikiliza.

Naandika kwa makundi mawili. Kwanza ni wenzangu, ambao watayakumbuka mengi ya haya na kunisahihisha nilipokosea. Pili ni wanafunzi mlioko shuleni sasa, ambao baada ya mtihani wengi wenu mtachukua begi na kwenda mjini kutafuta riziki, kama tulivyofanya sisi.

Miji ya kale ya kwetu

Mimi ni mtu wa Utende, upande wa mashariki wa kisiwa cha Mafia, penye ghuba ya Chole. Mtoto wa Utende hukua akitazama mahali palipokuwa na miji miwili ya kale ng'ambo ya maji. Wa kwanza ni Kua, katika kisiwa cha Juani, ambako mpaka leo yapo magofu ya jumba la watawala na ya misikiti. Mji huo ulivamiwa na Wasakalava kutoka Madagaska mwanzoni mwa karne ya 19, ukahamwa. Wa pili ni Chole, mji uliostawi baada ya Kua kuanguka. Mkataba wa mwaka 1890 ulipoiweka Mafia mikononi mwa Wajerumani, wao nao walikaa Chole wakajenga boma lao hapo. Mwaka 1913 walihamishia makao Kilindoni, ambako vyombo viliweza kutia nanga kwa urahisi zaidi, na mji wa Chole ukaanza kumezwa na miti.

Nikiwa mdogo babu yangu alinivusha kwa ngalawa mpaka Juani kuyaona magofu. Aliniambia neno ambalo sikulielewa mpaka nilipokuwa mtu mzima: kwamba mji wa wazee ulipimwa kwa sauti ya mwadhini. Mtu akiisikia adhana akiwa nyumbani, basi yumo mjini, na akiondoka papo hapo ataiwahi sala. Kisima, soko, msikiti, pwani na makaburi, vyote mtu alivifikia kwa miguu yake. Ndivyo ilivyo pia Lamu na Mji Mkongwe wa Unguja, ambako vichochoro viliachwa kwa kipimo cha mtu na punda wake.

Lakini sisi wa Utende tulijua pia maana ya umbali. Kilindoni iko kilometa 15 hivi kutoka kwetu. Aliyekuwa na haja ya ofisi au hospitali aliondoka saa kumi na moja alfajiri, akapita chini ya minazi na mikorosho, akafika saa tatu asubuhi. Kisiwani hapakuwa na shule ya sekondari wakati huo, na ndiyo sababu mimi na wenzangu wachache tulivuka bahari kuja kusoma nanyi. Kwa hiyo nilipofika mjini nilikuwa tayari na mafunzo mawili: kwamba miguu inatosha pale vitu vilipo karibu, na kwamba umbali una gharama yake hata kama hulipi senti.

Mji tulioukuta

Niliingia Dar es Salaam mwezi wa Aprili 1975, kusi ilipoanza kuvuma na majahazi ya kwetu yakapata upepo wa kupanda kaskazini. Tulishuka Malindi, bandari ya majahazi. Mjomba wangu alinipokea, tukaweka kikapu cha nazi na tita la ng'onda juu ya mkokoteni, tukaenda zetu Kariakoo kwa miguu. Safari haikufika hata saa moja.

Jina la Kariakoo, kama mjuavyo, linatokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa jeshi la Waingereza katika Vita Kuu ya Kwanza, waliopiga kambi hapo. Wakoloni waliugawa mji mafungu matatu: Uzunguni upande wa bahari, Uhindini katikati penye maduka, na Uswahilini nyuma. Kati ya Uhindini na Kariakoo waliacha uwanja mtupu wa Mnazi Mmoja ili watu wasichanganyike. Ulikuwa ubaguzi mtupu. Hata hivyo wakoloni walihitaji makuli, madobi, wapishi na matarishi wafike kazini asubuhi bila wao kugharimia usafiri, hivyo walituweka pale ambapo miguu ingetufikisha. Kutoka Kariakoo mpaka bandarini ni mwendo wa nusu saa tu. Baada ya uhuru ubaguzi wa sheria ulikwisha, na ukaribu ukabaki kuwa mali yetu.

Siasa yetu yenyewe ilijengwa kwa miguu. TANU ilizaliwa tarehe 7 Julai 1954 katika nyumba moja ya Kariakoo, na mikutano yake ya Mnazi Mmoja na Jangwani ilijaa watu waliotembea kutoka Ilala, Magomeni na Temeke. Mwalimu Nyerere alipokuwa akifundisha Pugu alikuwa akija mjini kwa mikutano, mwendo wa kilometa 20 hivi, na mara nyingine alikuja kwa miguu. Mwezi wa Oktoba 1967 alitembea kutoka Butiama mpaka Mwanza kuunga mkono Azimio la Arusha. Sisi tuliokuwa watoto tulikua tukijua kwamba kutembea si aibu.

Nyumba tuliyopanga ilikuwa karibu na Mtaa wa Sikukuu. Ilikuwa nyumba ya Kiswahili ya kawaida: ukumbi mrefu katikati, vyumba vitatu kila upande, na nyuma uani palipokuwa na jiko, bafu, choo na bomba moja la maji. Kila chumba kilikuwa na mpangaji wake, wengine wakiwa na mke na watoto. Tulikuwamo watu wa Rufiji, wa Kilwa, wa Uzaramo na sisi wawili wa Mafia. Mwenye nyumba alikuwa bibi mjane aliyekaa chumba cha mbele, naye tulimwamkia kila asubuhi kabla ya kutoka, kwani aliyepita bila shikamoo alisikia habari zake jioni.

Sitaki kuipamba nyumba ile. Joto lilikuwa kali, choo kilikuwa cha kungojeana, na siri ya mtu haikuvuka ukuta bila kusikika. Lakini chumba kilikuwa mahali pa kulala tu. Maisha yenyewe yalikuwa uani na barazani. Mtu akiumwa, chumba cha pili walijua kabla hajaita. Mtu akipungukiwa kabla ya mwisho wa mwezi, palikuwa na upatu wa wapangaji uliomshika mkono.

Hesabu ya chumba na nauli

Nilianza kazi ya ukarani katika ofisi moja karibu na bandari. Mshahara wangu ulikuwa juu kidogo tu ya kima cha chini cha mjini, ambacho mwaka ule kilikuwa shilingi 380 kwa mwezi. Chumba chetu kilikuwa shilingi 60, tukigawana na mwenzangu shilingi 30 kila mmoja. Rafiki yangu wa ofisini alinishauri nihame, kwa kuwa yeye kule Manzese alikuwa amepata chumba cha shilingi 40, naye pia akigawana na mwenzake. Kwa hesabu ya chumba peke yake, yeye alilipa 20 na mimi 30, naye ndiye aliyekuwa mjanja.

Jioni moja tulikaa barazani tukafanya hesabu kamili. Nauli yake ya basi ilikuwa thumni kwenda na thumni kurudi, yaani shilingi moja kwa siku. Tulifanya kazi siku sita kwa juma, kwa hiyo siku 26 kwa mwezi zilimtoa shilingi 26. Ukijumlisha na chumba, alikuwa akilipa shilingi 46 ili aishi na afike kazini. Mimi nililipa 30. Zaidi ya hapo mchana niliweza kurudi nyumbani kula, yeye alinunua chakula njiani. Hapo ndipo mwenzangu wa chumba, mtu wa maneno machache, aliposema: "Basi nauli ni kodi ya pili, ila haina mwenye nyumba wa kumwomba akusubiri." Neno hilo nimelibeba mpaka leo.

Njia yangu ilikuwa hivi. Nilitoka saa moja kasorobo, nikakatisha Mnazi Mmoja, nikapita Mnara wa Saa, nikashika Mtaa wa Samora kidogo, kisha nikashuka kuelekea bandarini kwenye upepo wa bahari. Saa moja na robo nilikuwa nimefika, nimejifuta jasho, nimeketi. Mwisho wa mwaka 1975 soko jipya la Kariakoo, lililochorwa na msanifu wetu wa Kitanzania Beda Amuli, lilifunguliwa, na njiani kurudi nilinunua mchicha na unga bila kwenda kando hatua mia mbili. Chakula tulikula shirika, tukipika kwa zamu. Kila jahazi la Mafia lilipotia nanga Malindi tulipata nazi na ng'onda kutoka nyumbani, nasi tukapeleka sabuni, viberiti na khanga. Mtu wa Utende aliishi mjini kwa mkono mmoja ukiwa bado Utende.

Mabasi, thumni na dala

Wale waliokaa mbali walitegemea mabasi, na historia ya mabasi hayo vijana waijue. Tangu mwaka 1949 mji ulihudumiwa na kampuni ya DMT, iliyokuwa mali ya Waingereza. Serikali iliitaifisha mwaka 1970, na mwaka 1974 ikagawanywa mara mbili: KAMATA ikachukua safari za mikoani, na UDA, yaani Usafiri Dar es Salaam, ikachukua mji. Hayo yalifanyika kwa nia njema, ili mnyonge apate usafiri wa nauli ndogo. Bahati mbaya ni kwamba wakati wake ulikuwa mgumu. Bei ya mafuta ilikuwa imepanda zaidi ya mara tatu baada ya vita vya Mashariki ya Kati vya Oktoba 1973. Ilipanda tena mwaka 1979, mwaka uleule tuliokuwa tunatoka katika vita vya Kagera. Vipuri na matairi vilihitaji fedha za kigeni, nazo hazikuwapo. Basi likiharibika lilivuliwa vipuri ili jingine litembee.

Wakati huo mji ulikuwa unakua. Sensa ya mwaka 1967 ilihesabu watu 272,821 Dar es Salaam. Ile ya 1978 ilikuta mkoa una zaidi ya laki nane. Mabasi machache na watu wengi, ndipo ikazaliwa foleni ya kituoni ambayo mtu aliianza alfajiri. Watu binafsi wakaingiza magari yao kwa kujificha, mengine yakaitwa thumni thumni kwa sababu ya nauli yake, na mengine yakaitwa chai maharage, yale yenye mabenchi ya mbao nyuma ambapo abiria walitazamana kama walio kwenye meza ya mkahawa. Yalikuwa kinyume cha sheria, na kila mtu aliyapanda. Mwaka 1983 serikali ilikubali yaliyokwisha kuwa, ikaruhusu mabasi ya watu binafsi kwa leseni. Nauli ilikuwa shilingi tano, na sarafu ya shilingi tano watu waliiita dala. Makondakta waliita "dala, dala," na jina likabaki.

Katika miaka hiyo sisi wa miguu tulikuwa na heshima yetu. Asubuhi ambazo mabasi hayakuonekana na wakubwa wenye magari walikuwa wamekwama kwenye mistari ya petroli, waliofungua ofisi walikuwa makarani wa Kariakoo na Ilala. Lakini kutembea nako kulikuwa na mambo yake. Mwaka 1983, wakati wa Nguvu Kazi, aliyeonekana mitaani bila kitambulisho cha kazi aliweza kukamatwa na kurudishwa kijijini. Cha kwangu kilikaa mfuko wa shati mpaka kikafutika maandishi.

Jumapili bila magari

Jambo moja la wakati ule nalikumbuka kwa furaha, ingawa lilitokana na shida. Ili kuokoa mafuta, magari ya watu binafsi yalikatazwa kutembea Jumapili kuanzia saa nane mchana. Kelele zilikatika kama mtu aliyefunga redio. Watoto walicheza mpira katikati ya barabara za lami. Watu na wake zao walishuka kwa miguu mpaka Ocean Road kupunga upepo, na wazee waliosahau njia ya pwani waliikumbuka.

Uholanzi nao walifanya vivyo hivyo mwezi wa Novemba 1973, walipokatiwa mafuta: Jumapili hakuna gari. Kwao amri ile ilikaa miezi michache tu. Lakini katika miaka hiyo hiyo wananchi wao waliandamana kudai watoto wasiuawe na magari, na serikali ikaanza kujenga njia za baiskeli mjini mwote. Leo Mholanzi tajiri huenda kazini kwa baiskeli bila kuonekana maskini. Sisi shida ilipopungua tulirudisha magari, na njia ya mwenda kwa miguu ikabaki ileile, yaani ukingo wa mtaro. Tulikuwa na somo mkononi tukaliachia.

Nasema hivi kwa sababu nililipia. Mwaka 1978 nilinunua baiskeli ya Swala, zile zilizotengenezwa hapa hapa nchini, kwa mkopo wa kazini. Ilikuwa nzito kama punda na mvumilivu kama punda. Nilipooa mwaka 1980 na kuhamia vyumba viwili Magomeni, ilinivusha bonde la Jangwani kila siku. Mwaka 1986 lori lilinigusa katika makutano ya barabara, nikavunjika mfupa wa bega. Dereva hakuwa mlevi wala mwenda mbio. Barabara ile haikuwa na mahali pangu. Nilipopona niliiuza Swala kwa fundi, nikarudi kwenye miguu.

Kosa langu la Sinza

Sasa nifike kwenye ungamo, maana historia inayojisifu tu si historia.

Miaka ya 1970 serikali, kwa mkopo wa Benki ya Dunia, ilipima viwanja vingi vya bei nafuu Sinza, Kijitonyama na Mikocheni, na pia ikaboresha Manzese. Aliyepata kiwanja aliweza kukopa kutoka Benki ya Nyumba akajenga polepole. Mwaka 1978 yule yule mwenzangu wa bweni aliyenichekesha juzi alinijia na fomu mbili. "Tujaze pamoja, tuwe majirani." Nilikwenda kupaona Sinza. Palikuwa pori na mashamba ya mpunga, kilometa nane au tisa kutoka Kariakoo, na basi la kubahatisha. Nilipiga hesabu yangu ya kodi ya pili, nikamrudishia fomu. Nikamwambia mimi siwezi kuishi mahali ambapo mguu haunifikishi kazini.

Yeye alijenga. Aliteseka na mabasi miaka kumi. Kisha mji ukamfuata, barabara ikaja, dala dala zikapita mlangoni pake, na leo Sinza ni katikati ya mji. Mimi niliendelea kupanga. Mwaka 1998 nyumba yetu ya Magomeni iliuzwa, mnunuzi akataka kujenga ghorofa, nasi tukapewa miezi mitatu. Kodi za karibu na mjini zilikuwa zimepanda, na wenye nyumba walitaka kodi ya mwaka mzima mbele. Tukaenda Mbagala.

Hapo, nikiwa na umri wa miaka arobaini na ushei, nikaanza kulipa ile kodi niliyoikwepa. Niliamka saa kumi usiku. Nilisimama kwenye dala dala asubuhi na jioni, jumla ya saa tatu kwa siku, mpaka nilipostaafu mwaka 2010. Nimepiga hesabu: siku 250 za kazi kwa mwaka, miaka kumi na miwili, ni saa 9,000. Ni siku 375 usiku na mchana. Zaidi ya mwaka mzima wa umri wangu ulikwisha nikiwa nimeshikilia bomba la basi. Watoto wangu wadogo walinijua kwa sauti, maana nilitoka hawajaamka na kurudi wamelala.

Kwa hiyo ndugu yangu wa bweni, jibu langu ndilo hili. Juu ya gari, nadhani mimi ndiye niliyekuwa sahihi: miaka 23 niliishi vizuri bila nalo, na fedha ambayo ingeingia kwenye petroli na gereji ilisomesha watoto wanne. Juu ya kiwanja, wewe ndiye uliyekuwa sahihi. Nilijua kwamba umbali una gharama, lakini sikujua kwamba ukaribu nao una mwenyewe, na kwamba mpangaji ameazimwa tu.

Mji umekwenda mbali

Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 5,383,728 Dar es Salaam, karibu mara ishirini ya wale wa 1967. Mji umenyooka kwenye barabara zake kuu mpaka Kibamba, Bunju, Chanika na Mbagala. Kariakoo zile nyumba za vyumba sita zimepungua sana, yamesimama maghorofa ya maduka na stoo. Palepale mnyonge alipoweza kutembea kwenda kazini, sasa wanalala zaidi maboksi ya bidhaa.

Juhudi zimefanywa, na tuzitaje kwa haki. Mwezi wa Mei 2016 mabasi ya mwendokasi yalianza kati ya Kimara, Kivukoni na Kariakoo, katika njia yao wenyewe. Pamoja na msongamano wake na mafuriko ya Jangwani, nilipoyapanda mara ya kwanza nilikaa kimya kwa mshangao: kutoka Kimara mpaka mjini basi halikusimama kwenye foleni ya magari. Lilikuwa jambo ambalo kizazi chetu kilingojea miaka arobaini.

Mwaka 2024 mjukuu wa dada yangu alipata kazi ya duka Kariakoo, akanipigia simu kwa furaha. "Shikamoo babu. Nimepata chumba Chanika, shilingi 40,000 tu." Nikamwuliza, "Marahaba mjukuu wangu. Na basi?" Akasema ni mawili kwenda na mawili kurudi, na siku haipungui shilingi 2,400. Nikamwambia achukue karatasi. Siku 26 mara 2,400 ni shilingi 62,400. Pamoja na chumba ni shilingi 102,400. Akanyamaza. Mwisho akapata mwenzake wa kazini wakapanga pamoja chumba cha shilingi 80,000 Ilala, kila mmoja anatoa 40,000, na asubuhi wanatembea. Fedha iliyobaki, karibu shilingi 60,000 kwa mwezi, nilimsisitiza asiile. Aiweke ya kiwanja, nacho kiwe karibu na njia ya basi, hata kama leo ni pori.

Neno kwa wanaotoka shuleni

Mimi sasa nimerudi Utende. Kijiji kimebadilika: tangu mwaka 1995 ipo Hifadhi ya Bahari ya Kisiwa cha Mafia, wageni wanakuja kuzamia, na barabara ya Kilindoni imetiwa lami. Bodaboda inanifikisha kwa dakika ambazo babu yangu asingeziamini. Sichukii mwendo. Hata hivyo jioni bado natembea mpaka ufukweni kutazama mashua zikivuka kutoka Chole, na kila ninayekutana naye njiani tunaamkiana.

Vijana, mkienda mjini msiulize bei ya chumba peke yake. Ulizeni chumba na nauli na saa, mvijumlishe vyote vitatu. Kaeni karibu mkiwa hamna kitu, gawaneni chumba na mtu mwaminifu, lipeni upatu. Lakini msifanye kama mimi mkadhani ukaribu wa kupanga utadumu. Ile akiba ya nauli ndiyo mbegu ya nyumba yenu.

Nanyi wenzangu, wengi wenu mmekaa au watoto wenu wamekaa kwenye mabaraza ya miji, wizara na ofisi za mipango. Mnapopanua barabara, kumbukeni kuacha mita mbili za mtu anayetembea na za mwenye baiskeli. Mnapopima viwanja vipya, pimeni pia soko, zahanati na shule ndani ya mwendo wa miguu, kama wazee wa Kua walivyofanya bila ramani wala mkopo. Atakayenisahihisha juu ya tarehe au nauli za zamani, tukutane kwenye mkutano ujao. Nitakuja kwa boti mpaka Nyamisati, kisha kwa basi, na kutoka kituoni nitatembea.